Mkuu wa Viatu vya Ubao

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Nimepanda cheo. Tuseme nusu cheo.

Kikao cha asubuhi. Mkurugenzi aliingia na uso wa mtu aliyemeza ndimu. Akasema kampuni mbili kubwa za vifaa vya michezo, wapinzani wetu wa siku zote, zimeanza kutengeneza viatu vya watu wa ubao. Ubao ule wa magurudumu manne, ambao watu husimama juu yake na kuruka ngazi bila sababu ya msingi. Wenzetu wameshaingia sokoni, sisi tumelala. Akauliza nani humu ndani anajua lolote kuhusu ubao. Kila mtu akaanza kuichunguza meza.

Nikasimama. Nikasema nina shemeji, kaka wa mke wangu, anayeshona viatu vya aina hiyo hiyo kwenye karakana yake, na kwamba mimi na yeye tunashauriana kila siku. Sehemu ya kwanza ni kweli. Sehemu ya pili, mhh. Hatujazungumza tangu aazime toroli langu mwaka juzi.

Papo hapo nikateuliwa Kaimu Mkuu wa Kitengo cha Ubao, mpaka mwisho wa mwezi. Kitengo kikisimama, naondolewa ukaimu na kupewa chumba cha vioo, kile cha kona. Kikianguka, kinachukuliwa na Soksi, nami narudi stoo nilikoanzia. Soksi ni mkuu wa kitengo cha soksi. Jina lake halisi hakuna anayelikumbuka. Alikohoa. Kikohozi kile si mafua, ni husuda.

Miaka kumi na sita nimeuza viatu vya mbio. Kiatu ni kiatu tu.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda karakana kwa shemeji. Kisingizio: toroli. Mtaani wanamwita Fundi Gundi, kwa sababu ukimpa mkono unachelewa kuurudisha. Cherehani tatu. Harufu inayoingia mpaka kwenye meno. Ukuta mzima ametundika viatu vilivyochakaa vya wateja, na anauita maktaba yake. Maktaba! Ningekuwa mimi ningeshavitupa.

Alikuwa anashonea kiraka cha pili cha ngozi ubavuni mwa kiatu, upande wa kidole kidogo. Kiatu kipya kabisa, tayari kina viraka! Nikamuuliza cha nini, kwa ujanja, kama mtu asiyejali. Akasema shemeji, ukitaka kujua nenda uwanjani kwao, ukae siku moja nzima, uangalie miguu. Nikamshukuru. Mkuu wa Kitengo hana siku nzima.

Alipogeuka kutafuta uzi nikakipima kiatu kwa kiganja. Soli nyembamba, bapa. Ngozi nzito. Hakuna hata tundu la kupitisha hewa. Nilimhurumia kweli. Kampuni tatu kubwa zinamjia, na yeye bado yuko kwenye ngozi.

Mke wangu ameshapata habari. Ameniambia kwa utulivu, huku akikunja nguo, kwamba kaka yake akifunga karakana kwa ajili yangu, nitafute wa kunikunjia mashati. Nimemjibu kwamba biashara ni biashara. Mashati nimekunja mwenyewe. Hayajakaa vizuri.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata! Tena bila kutoka ofisini.

Stoo kuna pea mia nne za kiatu chetu cha mbio cha msimu uliopita, kinaitwa Upepo. Hazikuuzika kwa sababu ya rangi yake ya zambarau inayoumiza macho. Juu wavu, mwepesi kama leso. Chini sponji, unene wa vidole vitatu. Sasa, watu wa ubao si wanaruka? Na anayeruka si anataka kutua pahali laini? Hili halihitaji siku nzima uwanjani.

Mabadiliko: kamba nyembamba zimetoka, kamba pana nyeupe zimeingia. Picha ya radi kisiginoni. Jina jipya: Radi. Kazi ya siku mbili kwa watu wanne wa stoo.

Soksi alipita, akaokota kimoja, akakigeuza, akauliza hiki si ni Upepo. Nikamwambia yeye mipaka yake ni kwenye kifundo cha mguu. Watu wa stoo walicheka. Nilijisikia vizuri mpaka saa ya chakula.

Jumamosi, 8 Machi

Uwanjani. Nimekaa nusu saa ndani ya gari, vioo vimefungwa, kwa sababu ya vumbi. Inatosha kabisa kwa utafiti.

Nilitafuta sura ya kuweka kwenye bango. Yule aliyekuwa akiruka kuliko wote, ngazi saba kwa mpigo, nilipomwita akaja akivua kofia, na kumbe ni mama wa miaka thelathini na tano hivi! Watoto wake wawili, pacha, walikuwa kwenye benchi wakigombania chupa ya maji. Wote pale wanamwita Mama Pacha. Nikamwonyesha Radi. Akaibonyeza soli, akaibonyeza tena, akaniangalia kwa huruma. Akasema kaka, niachie hii siku mbili tu niijaribu, nitakwambia ukweli, wala sitaki malipo. Nikamweleza kwa adabu kwamba tunatafuta kijana. Akacheka, akarudi kwenye ngazi zake.

Nimemchagua mkimbiaji kutoka timu yetu ya mbio. Miguu mizuri, meno mazuri. Tulimpiga picha ameshika ubao mbele ya kifua kwa mikono miwili, kama sinia. Nilimwuliza kama anajua kuupanda. Alisema kwa picha hakuna haja, na nikaona ana akili.

Jumatatu, 10 Machi

Kikao. Mkurugenzi aliuliza swali moja tu: kwa nini mtu amwache Fundi Gundi aje kwetu? Soksi akageuza kiti chake ili anione vizuri.

Ndipo likanijia. Garantii! Nikasema: kikitoboka ndani ya miezi sita, lete, chukua kipya, hatuulizi swali. Fundi mdogo hawezi kuahidi hivyo, sisi wakubwa tunaweza. Garantii hii tunayo kwenye viatu vya mbio na kwa miaka kumi na sita nimeona watu wawili tu wakiidai. Mmoja kiatu chake kilitafunwa na mbwa.

Mkurugenzi aliandika. Akapiga mstari chini. Soksi hakusema neno. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mimi naona ni mtu aliyeishiwa.

Jumatano, 12 Machi

Shemeji alikuja kula kwetu. Mke wangu ndiye aliyemwita. Mimi niliarifiwa tu niongeze kiti.

Katikati ya chakula akaweka kijiko chini. Akauliza kama nimewahi kuugusa ubao kwa juu. Akasema juu umebandikwa msasa, ili mguu usiteleze. Nikamwambia msasa ni wa maseremala. Mke wangu akanikanyaga chini ya meza. Shemeji akaendelea, taratibu, kama anayemweleza mgonjwa: anayeruka huusugua mguu kwenye msasa kila anaporuka, upande wa kidole kidogo, na kiatu cha ubao hufia hapo hapo. Akasema hata ngozi yake, viraka viwili, ikimaliza miezi mitatu yeye hushukuru. Shemeji, akasema, ifute hiyo miezi sita.

Nikamshukuru sana. Wivu ule! Yaani mtu anakula chakula changu huku anataka nifute silaha yangu.

Jumamosi, 15 Machi

USHINDI!

Uzinduzi uwanjani. Hema, muziki, vipaza sauti, bango la mkimbiaji refu kuliko mti. Pea mia mbili na sitini zimeuzika kabla ya saa tisa! Watu wa ubao walikuja kwa makundi, wengine wawili wawili, wakiulizana na kucheka. Mama Pacha alichukua pea mbili. Aliniomba nisome garantii kwa sauti kwenye kipaza sauti. Nikasoma. Akaomba nirudie. Nikarudia, kwa mbwembwe. Uwanja mzima ulishangilia! Sijawahi kushangiliwa na watu wengi hivyo.

Doa dogo. Mtu aliyemwonea gere mkimbiaji alimtaka apande ubao kidogo. Ubao ukaenda mashariki, yeye akaenda magharibi. Hakuumia, ila suruali ilipasuka, na bango lilikuwa nyuma yake kwa ajili ya kulinganisha.

Mkurugenzi alinipa mkono. Akasema Jumatatu nichague mapazia ya chumba cha vioo. Mapazia!

Nimerudi nyumbani nikiimba. Mke wangu aliuliza kaka yake atakula nini sasa. Nikaacha kuimba, lakini moyoni niliendelea.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi: nimechagua mapazia ya bluu.

Saa nne: mapokezi wakapiga simu. Kuna mteja na kiatu chenye tundu. Nikashuka mwenyewe, nikampa kipya, nikapiga naye picha ya gazeti la kampuni. Imani kwa mteja!

Saa sita: kumi na mmoja.

Saa kumi: arobaini na mmoja. Wote tundu liko pahali pamoja, ubavuni, kwenye kidole kidogo, na kidole chenyewe kinachungulia nje. Mmoja alikuwa amekichora macho na mdomo.

Haiwezekani viatu arobaini na kimoja vife kwa ugonjwa mmoja. Kuna mkono wa mtu. Nani ana vifaa vya kutoboa? Nani ana chuki? Nani alijua tundu litakuwa wapi tangu Jumatano, tena mezani kwangu? Hapo jibu ni moja tu: shemeji!

Jumanne, 18 Machi

Nimetangaza sharti jipya: anayedai garantii athibitishe kwamba kiatu kimetoboka chenyewe. Nilidhani watatawanyika.

Mama Pacha akasema hewala. Akavaa Radi mpya kutoka boksini, mbele yangu, akapanda ubao hapo hapo kwenye maegesho. Akaruka. Akaruka tena. Mara ya saba wavu ukaachia kwa sauti ndogo kama mtu anayefungua pipi. Mlinzi wa lango alipiga makofi. Mama Pacha akaniambia pia, bila kuulizwa, kwamba sponji ile inamfanya asiusikie ubao, ni kama kupanda ngazi umevaa mito.

Nikampa pea mpya. Akarudi nayo saa nane.

Kufikia jioni pea za akiba zote mia na arobaini zimekwisha. Foleni haijakwisha. Na pembeni ya foleni, Soksi ameweka meza! Anauza soksi nene. Amewaambia watu kwa kuwa kidole kinaonekana, heri kionekane kikiwa kimevaa. Boksi mbili zimemwishia.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika nikiwa nimesimama. Sababu inafuata.

Nilikubali kwamba huenda msasa una mchango. Basi badala ya kubadilisha kiatu, tubadilishe msasa! Nikaagiza karatasi laini ya plastiki yenye nembo yetu, ya kubandika juu ya msasa, zawadi kwa kila mteja. Msasa hauonekani, kiatu hakisuguliwi, garantii inalala usingizi. Mkimbiaji alikataa kuijaribu. Alisema suruali zake zimekwisha. Nikaamua kuijaribu mwenyewe, kwenye korido, pembeni ya ofisi ya Mkurugenzi, ili anikute nikiwa kazini.

Alinikuta. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikuvunjika guu, niliteleza nikaangukia kwa nguvu nyingi pahali ambapo hapavunjiki ila pana kumbukumbu. Mkurugenzi alinitazama chini pale akaniuliza kama mapazia nimeshayaagiza. Nikasema ndiyo. Akasema niyasimamishe.

Ijumaa, 21 Machi

Chumba cha vioo kimejaa viatu vyenye matundu mpaka dirishani. Pea mia na arobaini, zote za zambarau, na joto hili. Wanaopita korido wanafunika pua.

Mkurugenzi amesema nina mpaka wiki ijayo. Wapinzani wetu wawili tayari wamegundua mambo ya viraka, viatu vyao viko madukani. Maji yamenifika shingoni. Naliandika hili waziwazi: niliogopa. Nilijiona stoo, na Soksi ananituma boksi.

Nikaenda karakana. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, ili ionekane kwamba mimi ndiye ninayempa nafasi. Nikamwambia shemeji, kampuni yetu inatafuta fundi mmoja mwenye bahati. Akaendelea kukata uzi. Akasema shemeji, umekuja kuomba. Nikasema hapana, nimekuja kutoa. Akasema basi toa. Sikuwa na kitu cha kutoa. Mke wangu alikuwa amekaa pale pembeni, amemletea kaka yake chakula, na aliniangalia bila kucheka. Ndiyo maana ikauma.

Nikaomba.

Shemeji akavuta kigoda, akanikalisha taratibu (habari za korido zimefika huku pia). Akasema atang'oa sponji, ataweka soli bapa, na ubavuni ngozi mara mbili. Masharti mawili. Nembo ya karakana yake ishonwe kwenye ulimi wa kila kiatu. Na mimi kesho nikakae uwanjani siku nzima, niangalie miguu. Nikala yamini.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekaa uwanjani siku nzima kama nilivyoahidi. Jua lilikuwa kali, kofia nikaishusha usoni. Nilisinzia kuanzia saa tatu hadi saa kumi, isipokuwa mara mbili ubao ulipogonga benchi.

Shemeji aliuliza nimeona nini. Nikasema mengi. Akasubiri. Nikasema hasa miguu.

Alhamisi, 27 Machi

Yamekwisha.

Viatu vya shemeji vimejaribiwa uwanjani tangu Jumatatu na Mama Pacha mwenyewe. Haviachii. Foleni imekuja kuchukua, watu wamevaa, wameondoka wameridhika. Mkurugenzi alimwita shemeji ofisini. Alikuja na shati lake la harusi, kucha zina gundi. Kampuni itatengeneza viatu vya ubao kwa kiolezo chake, nembo yake kwenye ulimi, na karakana inabaki yake. Bango jipya ni Mama Pacha akiwa hewani. Pacha wake wameomba nao waonekane, na wanaonekana, chini kushoto, wanagombana. Garantii ni wiki sita.

Kitengo amepewa Soksi. Pamoja na mapazia yangu.

Nilidhani nafukuzwa. Mkurugenzi akasema alikusudia hivyo, ila fundi alimsihi, akamwambia nina miaka kumi na sita hapa na nina familia. Shemeji alisema hivyo! Mimi niliyemwita mtoboaji. Nilitoka pale, nikasimama nyuma ya maboksi, nikapangusa macho kwa kipande cha wavu. Nyumbani mke wangu alikuwa analia kwa furaha ya kaka yake. Kisha akanikunjia shati moja. Moja tu, lakini lilikaa vizuri.

Mkurugenzi aliniuliza nimejifunza nini. Nikasema nimejifunza kusikiliza. Alionekana kuguswa.

Jumatatu, 31 Machi

Stoo. Siku ya kwanza.

Si pabaya kama nilivyokumbuka. Pana kidirisha kinachotazama barabarani, na nyuma ya rafu ya mwisho nimegundua hazina: pea mia tisa za miwani ya kuogelea! Zimekaa hapa miaka minne, watu wamezisahau. Na kupitia kidirisha, nimehesabu kabla ya saa nne wapanda baiskeli sitini na watatu. Sitini na watatu, vumbi lote linaingia machoni! Hakuna kampuni hata moja, kubwa wala ndogo, iliyoliona hili.

Tarishi mmoja wa baiskeli alikuwa analeta bahasha. Nikamwonyesha. Alianza kusema kwamba ukiivaa na kutoka jasho, miwani ile huingia ukungu, huoni mbele, na kwamba yeye mwenyewe aliwahi... Nikamkatiza kwa upole, nikamwambia maelezo ya kiufundi tuachie sisi.

Barua kwa Mkurugenzi imeshaondoka. Nimeomba kitengo kipya na chumba kidogo, hata kisicho na vioo. Nimeandika pia, ili pasiwe na shaka juu ya sifa zangu, kwamba baiskeli sijawahi kupanda maishani, na hiyo ndiyo nguvu yangu: wanaopanda wameshazoea kuona kasoro.